Sura ya Tisa: Maji Yanayopotelea Kwenye Taa

Gari likivuja oili, mwenye gari hakosi kushtuka. Likivuja maji ya rejeta, linamsimamisha njiani apende asipende. Lakini likivuja maji ya vinyunyizio vya taa, wengi hutazama lile doa chini ya bampa, wakasema ni maji tu, safari ikaendelea.

Sura hii ni ya lile doa. Nimeipa nafasi kamili katika kitabu hiki kwa sababu ya jambo moja: katika magari karibu yote yenye vinyunyizio vya taa, maji ya taa na maji ya kioo cha mbele hutoka kwenye tanki moja. Anayedharau uvujaji wa taa anakausha kioo chake mwenyewe, na atakuja kujua siku kioo kimejaa tope naye yuko kwenye mwendo.

Hakuna mahali jambo hili linaonekana wazi kama kata ya Bulyaga na mji wa Tukuyu kwa jumla. Tukuyu iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kusini mwa Mlima Rungwe. Hewa yenye unyevu inapanda kutoka Ziwa Nyasa, inagonga milima, inapoa, inamwaga mvua. Ndiyo maana eneo hili hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Dodoma haifikishi hata 600. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na hata zikikatika, ukungu wa asubuhi haukatiki.

Chini ya mvua hiyo kuna udongo wa volkano, laini na wenye rutuba, uliowapa Wanyakyusa migomba, chai na viazi. Ukilowa, udongo huo hugeuka tope jembamba linalonata kwenye kioo na kwenye taa, na waipa ikipita pakavu inalitandaza tu. Barabara ya lami inayotoka Uyole, ikapita Isongole, Kiwira na Tukuyu hadi mpakani Kasumulu, inabeba malori ya Malawi, magari ya viazi na ya ndizi. Kila lori linalotoka shambani linaacha tope lake juu ya lami, na kila linalofuata linalirusha nyuma.

Piga hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde. Umepishana na lori, kioo kimefunikwa, unavuta mkono wa waipa, hakuna kitu. Unavuta tena. Sekunde tatu zimekwisha na umeshapita mita 66 bila kuona barabara. Kwenye miteremko ya kushuka Kyela, mita 66 zinaweza kuwa kona nzima.

Kwa nini taa zilipewa maji

Dereva anayedhani vinyunyizio vya taa ni mapambo hataona sababu ya kuvitengeneza. Kwa hiyo tuanze na kazi yake.

Uchafu kwenye taa unaleta hasara mbili kwa pamoja. Kwanza unapunguza mwanga unaofika barabarani. Pili, unatawanya ule unaobaki. Taa ya gari imeundwa ili mwanga wa dimu uishie chini ya macho ya anayekuja. Chembe za tope juu ya kioo cha taa zinaurusha mwanga huo kila upande, ukiwemo upande wa juu. Matokeo yake wewe huoni vizuri, na mwenzako unampofusha.

Watengenezaji wa nchi za baridi waliliona hilo mapema. Saab wa Sweden waliweka waipa ndogo juu ya taa za magari yao mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya theluji na matope ya chumvi ya kwao. Baadaye zikaja taa za xenon, na jambo likawa zito zaidi. Taa ya kawaida ya halojeni ya aina ya H4 hutoa lumeni 1,650 kwenye fulu na 1,000 kwenye dimu. Xenon ya D2S hutoa takriban 3,200. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari ikaweka mpaka: taa ya dimu ambayo chanzo chake kinazidi lumeni 2,000 iwe na kifaa cha kuisafisha. Land Rover, Land Cruiser na magari mengine ya porini yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya kuanzia miaka ya 1990 mara nyingi yana vinyunyizio vya taa, na baadhi ya magari hayo, yakiwa na umri wa miaka 20 au zaidi, leo yanapanda na kushuka vilima vya Rungwe.

Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya theluji ya Sweden kinaifaa Tukuyu pengine kuliko mji mwingine wowote wa Tanzania. Nitarudi kwenye hoja hii tutakapofika kwenye swali la kutengeneza au kuziba.

Njia ya maji

Tanki la plastiki hukaa nyuma ya bampa au ndani ya madigadi ya mbele. Mdomo wake tu ndio unaonekana ukifungua boneti. Chini ya tanki kuna pampu mbili, wakati mwingine tatu. Ndogo ni ya kioo. Kubwa ni ya taa, kwa sababu kuondoa tope kwenye taa kunahitaji maji mengi yenye nguvu kwa muda mfupi. Kila pampu imechomekwa kwenye tundu la tanki kupitia sili ya mpira.

Kutoka kwenye pampu ya taa, mpira mnene hupita nyuma ya bampa hadi kwenye kiungo cha T, ambako maji yanagawanyika, tawi moja kulia na jingine kushoto. Mwisho wa kila tawi kuna nozeli. Nozeli nyingine zimekaa juu ya bampa bila kutikisika. Nyingine huchomoza: ndani yake kuna silinda yenye pistoni na springi. Maji yakija kwa nguvu yanasukuma pistoni nje, nozeli inatokeza mbele ya taa na kupiga. Nguvu ikiisha, springi inairudisha ndani. Pia kuna vali inayobaki imefungwa mpaka maji yawe na nguvu ya kutosha. Kazi yake ni kuzuia maji yasidondoke gari likiwa limesimama.

Kuna jambo hapa ambalo mafundi wengi wazuri hawaambiwi. Pampu hizi hazifungi njia zikiwa zimezimwa. Maji yanaweza kupita katikati yake taratibu kwa uzito wake yenyewe. Kwa hiyo vali ya nozeli ikichoka, au mpira ukipasuka mbele kabisa, tanki litaendelea kuvuja usiku kucha bila mtu kugusa swichi. Mwenye gari atabadilisha pampu akidhani ndiyo mbovu, na asubuhi atakuta doa palepale.

Soma uvujaji kabla ya kushika spana

Jaza tanki mpaka juu, weka alama ya kiwango cha maji kwa kalamu ya wino mzito mahali unapoweza kupaona, kisha egesha gari pa tambarare na uliache usiku mzima. Tambarare Bulyaga si rahisi kuipata. Itafute, maana gari likiinama mbele kipimo kinadanganya. Tandika boksi kavu chini ya bampa lote. Rangi kidogo ya chakula ndani ya maji itakusaidia kutofautisha maji ya tanki na maji ya mvua yanayochuruzika kutoka kwenye bodi, na Tukuyu tofauti hiyo ina maana.

Asubuhi, angalia maji yamekomea wapi. Maji yakiisha yote, tundu liko chini kabisa: sili ya pampu, au ufa kwenye kitako cha tanki. Yakishuka kidogo kisha yakasimama, uvujaji uko kwenye kimo kile kile yalipokomea. Pima kwa jicho au kwa kamba kutoka usawa huo hadi mbele ya gari. Ukikuta usawa huo unalingana na nozeli, vali ya nozeli imechoka. Ukilingana na kiungo cha T, kiungo ndicho. Kama maji hayakushuka hata kidogo, basi hakuna tatizo gari likiwa limesimama, na uvujaji unatokea pampu inapofanya kazi tu.

Hapo unahitaji mtu wa pili. Injini izimwe, swichi ya ufunguo iwashwe, taa kubwa ziwashwe. Katika magari mengi vinyunyizio vya taa havifanyi kazi mpaka taa ziwe zimewaka, na wapo waliotangaza pampu imekufa kwa kutojua hilo. Mwenzako avute mkono wa waipa au abonyeze swichi yake, wewe uwe umepiga magoti mbele na tochi. Maji yakitoka kwa nguvu upande mmoja na kwa unyonge upande wa pili, uvujaji au uchafu uko kwenye tawi la upande mnyonge. Yakiwa manyonge pande zote mbili, tafuta kabla ya T. Pampu ikinguruma bila maji kutoka kwenye nozeli yoyote, huenda mpira umechomoka. Pampu isiponguruma, anza na fyuzi na rilei kabla ya kulaumu pampu.

Kazi hii yote haikudai spana hata moja, na tayari unajua pa kufungua. Fundi anayevua bampa kabla ya kufanya haya anakisia kwa gharama yako, kwa sababu vishikizo vya plastiki vya gari la miaka 20 vimekauka, na kila bampa linapovuliwa baadhi yake vinavunjika.

Kutengeneza

Magari mengi hayahitaji bampa livuliwe. Nyanyua gari kwa jeki, liegemeze kwenye stendi imara, vua tairi la upande wenye tanki, kisha ondoa plastiki ya ndani ya madigadi. Tanki na pampu vitakuwa mbele ya macho yako. Usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hasa juu ya udongo uliolowa.

*Sili ya pampu* ndiyo mkosaji wa kawaida. Miaka inaufanya mpira kuwa mgumu, unaacha kukumbatia shingo ya pampu. Chomoa plagi ya umeme, vuta pampu taratibu huku ukiizungusha kidogo, kisha toa sili. Safisha tundu la tanki kwa kitambaa, ukilipapasa kwa kidole kuona kama lina mkwaruzo. Weka sili mpya ya kipimo kilekile. Ipake maji ya sabuni ili pampu iingie kirahisi. Usipake oili ya injini wala grisi ya kawaida, kwa kuwa mpira wa aina inayotumika sana hapa huvimba na kulegea ukigusana na mafuta yanayotokana na petroliamu. Ukitaka kitu cha kudumu, tumia grisi ya silikoni.

*Ufa wa tanki* ndio unaowapotezea watu fedha nyingi kwenye gundi. Matanki haya kwa kawaida ni ya polietilini au polipropilini, plastiki ambazo gundi za kawaida hazizishiki. Gundi itakaa wiki moja na kubanduka kama ganda. Tafuta herufi PE au PP zilizopigwa kwenye tanki, kisha mpelekee fundi wa kuchomelea plastiki atumie kipande cha plastiki ya aina ileile kama kijazio. Tanki likauke kabisa kwanza, na mwisho wa ufa utobolewe kitundu kidogo ili usiendelee kukimbia.

*Mipira* hupasuka kwenye ncha, pale ilipovutwa juu ya kiungo kwa miaka mingi. Kama imebaki na urefu wa ziada, kata sehemu iliyokauka, loweka ncha mpya kwenye maji ya moto hadi ilainike, isukume mpaka mwisho, kisha bana kwa klipu. Kama ni ya kubadilisha, nenda dukani na kipande cha zamani mkononi, kwa sababu kipenyo cha ndani kikizidi kidogo tu klipu haitakuokoa. Usifunge kwa waya. Waya unakata mpira. Utepe wa tyubu uliozungushwa kwa kuvutwa sana unaweza kukufikisha nyumbani kutoka Mwakaleli, lakini ukifika utoe na ufanye kazi ya kweli. Ukirudisha mpira, upitishe mbali na feni na mbali na kila kitu cha moto.

*Kiungo cha T* cha plastiki kikipata ufa, badilisha. Ni kitu kidogo na cha bei ndogo, na maduka ya spea ya Mbeya au Gerezani jijini Dar es Salaam yana viungo vya ukubwa mbalimbali hata kama havikutengenezwa kwa gari lako. Kinachotakiwa ni vipenyo kulingana.

*Nozeli ya kuchomoza* inayogoma kurudi ndani mara nyingi imebanwa na tope lililokauka, na ikibaki nje hupigwa na majani, mawe na matawi. Imwagie maji ya vuguvugu, ivute kwa mkono taratibu, isafishe shina lake kwa brashi laini, paka silikoni kidogo, iachie irudi yenyewe. Rudia mpaka iteleze. Usiilazimishe kwa koleo. Matundu ya nozeli yasichokonolewe kwa sindano, maana yakipanuka maji hayatapiga taa tena. Loweka kwenye siki, kisha puliza kutokea mbele kurudi nyuma. Kama vali ya ndani imechoka na nozeli inadondosha hata baada ya kusafishwa, silinda nzima ibadilishwe. Nyingi hazikutengenezwa zifunguliwe.

Kabla ya kurudisha plastiki za madigadi, angalia plagi za umeme zilizo karibu. Maji yaliyovuja kwa muda mrefu huacha kutu ya kijani kwenye shaba, na plagi hiyo inaweza kuwa ya taa yenyewe au ya honi. Isafishe sasa ungali umefungua.

Kuziba, na heshima ya kuziba

Kwenye gereji nyingi suluhisho la haraka ni kukata mpira na kuupachika bolti. Sisemi ni kosa kila mara. Gari la halojeni linalotembea mchana kwenye lami linaweza kuishi bila vinyunyizio vya taa. Spea inaweza kukosekana kwa miezi, na kioo kisicho na maji ni hatari kubwa kuliko taa isiyooshwa. Ikibidi uchague, okoa kioo.

Lakini ziba kwa utaratibu. Mpira ukizibwa huku pampu bado ina umeme, siku taa zimewaka na umevuta waipa, pampu itasukuma maji dhidi ya kizibo mpaka kizibo au kiungo kiachie, na tanki lote litamwagika kwa mara moja. Kwa hiyo toa kwanza fyuzi au rilei ya pampu ya taa, ukihakikisha kwenye kitabu cha gari kwamba haihudumii kitu kingine. Kisha ziba karibu kabisa na pampu, si mbele kwenye bampa, ili mpira mrefu wa zamani usibaki na maji. Vizuri zaidi ni kuondoa pampu yenyewe na kuziba tundu la tanki kwa kizibo cha mpira kinachobana. Andika ulichofanya kwenye daftari la gari. Atakayelinunua kesho ana haki ya kujua.

Na ukishaziba, kazi ya maji inahamia kwenye mkono wako. Kitambaa na chupa ya maji vikae mlangoni, na taa zifutwe kila unaposimama. Mwenye xenon asijidanganye katika hili: taa yake ina nguvu karibu mara mbili au zaidi ya halojeni, na ikiwa na tope inawaumiza wengine kwa kiasi hichohicho.

Kwa mtu wa Rungwe ninayemjua kwa barabara zake, ushauri wangu ni kutengeneza. Anayeishi hapa ana tope miezi saba, ukungu asubuhi, giza linaloingia mapema chini ya mawingu, na malori mbele yake. Hizo ndizo hali ambazo kifaa hiki kilibuniwa kuzikabili.

Maji ya kuweka

Maji hayana tabu Tukuyu, na wingi wake unatufanya tusiyachague. Maji ya kijito yanaonekana meupe lakini hubeba chembe za udongo wa volkano, na chembe hizo ndizo zinazokwaruza pampu na kuziba nozeli. Maji ya mvua kutoka kwenye bati ni laini na mazuri, ila hushuka na vumbi na ukoga. Yote mawili yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili.

Sabuni ya unga ya kufulia usiitie. Mabaki yake yanaganda kwenye vali. Tumia maji maalumu ya kuoshea vioo vya gari, kidogo kwa kadiri ya maelekezo ya chupa. Kulanti ya injini isiingie kabisa kwenye tanki hili: ni sumu, inaacha utando kwenye kioo na inaweza kuharibu rangi.

Wanaopanda kwenda Kitulo kupitia Isyonje wana jambo la ziada. Juni na Julai kule juu hushuka jalidi usiku, na maji matupu yaliyoganda ndani ya silinda au kiungo huvipasua. Ukilala huko, tumia maji ya vioo yasiyoganda.

Weka basi ratiba moja. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, safisha tanki, fanya kipimo cha usiku mmoja, jaribu vinyunyizio taa zikiwa zimewaka, na tengeneza kinachovuja wakati ardhi bado kavu na spea unaweza kuisubiri. Januari fanya jaribio tena. Ukikuta tanki limepungua bila wewe kulitumia, usiliongeze tu na kuondoka. Ongeza, weka alama, na usiku uleule anza kutafuta maji yanakomea wapi.